Bondia akizimika, nani aamue siku ya kurudi ulingoni?

Wana Tanga, hebu hili tulijadili wazi. Tangu bondia wetu Hassan Mwakinyo ammalize Mwingereza Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018, vijana wa Ngamiani wanaotaka kuvaa glavu hawahesabiki. Mimi nafunga bandeji na kukaa kona. Kijana mmoja alikula ngumi ya kidevu, akahesabiwa hadi kumi. Alipozinduka akaniuliza mara tatu: "Tunapigana saa ngapi?" Kilinda meno chake bado nimekishika mkononi. Siku ya tisa akapandishwa ulingoni tena. Mwandaaji alisema, "Dogo yuko fiti, hana hata mkwaruzo."

Mkwaruzo hauhusiki hapa. Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Ngumi ya kidevu inapozungusha kichwa ghafla, ubongo unavutika na kujipinda. Kofia ya mazoezi inapunguza michaniko ya ngozi, mtikisiko huo haiuzuii. Na ukipigwa tena kabla ya kupona, ubongo unaweza kuvimba ukafa.

Msimamo wangu: akizimika, siku 30 bila kupigwa kichwani, hata mazoezini. Baada ya hapo aamue daktari asiyelipwa na mwandaaji.

Wa Chumbageni: Kaka, siku 30 nani atamlisha? Anaendesha bodaboda ya mtu, hesabu inamsubiri kila jioni. Tukikaza hivyo ngumi za Tanga zitakufa.

Wa Makorora: Sisi tulipigana Jumamosi, Jumatatu tuko mazoezini. Ngumi si lelemama, wanangu.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee wangu wa Makorora. Daktari Harrison Martland aliandika tangu 1928 kuhusu mabondia wanaoyumba kama walevi ilhali hawajanywa. Hebu wakumbuke wenzako wa enzi zile: hakuna ambaye leo kikombe cha chai kinamtetemekea mkononi?

Kaka wa Chumbageni, ya tumbo umesema kweli, na ndiyo inayoninyima usingizi. Ila ngumi hazifi kwa kukazwa. Bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipofariki mwaka 1982 baada ya kupigana na Mmarekani Ray Mancini, WBC, yaani Baraza la Ngumi la Dunia, ilipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12, na kumbi zikaendelea kujaa. Mimi nasema fungu la mapato ya mlangoni litengwe kwa aliyezimika kabla mwandaaji hajachukua chake. Lishikwe na nani ndipo nilipokwama. Asiwe mwandaaji, asiwe kocha. Leteni majina ya watu mnaowaamini.