Maziwa ya manjano yanatibu kusahau?

BintiTanga: Wakuu, bibi yangu siku hizi anasahau mno, jirani kasema apewe maziwa ya manjano kila usiku eti yanasafisha ubongo, kuna ukweli?

DawaBaridi: Maabarani ipo hiyo, kurkumini, kemikali iliyomo kwenye manjano, inashikana na amiloidi beta, ile protini inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Ishu ukinywa haifiki, utumbo na ini vinaivunja mapema.

Kijana_wa_Kariakoo: si aweke pilipili manga?

DawaBaridi: Utafiti wa 1998 piperini, kemikali ya hiyo pilipili manga, ilipandisha kurkumini karibu mara 20, ila ni kwenye damu mkuu, sio ubongoni. Kama bibi anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge vya manjano msimpe kienyeji, anaweza kuvuja damu. Kwenye mchuzi poa tu. Apimwe tezi ya shingoni (thyroid) na vitamini B12 kwanza, zikiwa na shida, navyo vinasahaulisha.