Tupeane uzoefu: riwaya za vijana za kunusurika, zile zenye jini na zenye miezi miwili angani. Ukurasa gani ulikuudhi?

Msomaji wa Langoni
Riwaya hizi za kijana aliyetupwa kisiwani, miti yasema, jini anamwinda, zimejaa mikononi mwa wanafunzi hapa Amu. Sina ugomvi na jini. Ugomvi wangu ni pale kijana anaposhikwa na kiu, anakunywa maji ya bahari "kidogo kidogo" na kupata nguvu. Lita moja ina chumvi gramu 35 hivi. Figo zikiitoa zatumia maji mengi kuliko yale aliyokunywa. Haya, leteni yenu.

Binti Shela
Kweli tupu. Tena nyuma yake kuna vilima vya mchanga vyenye maji chini, na wala havioni.

Kibiriti Kikavu
Kwangu ni moto, na baya kuliko yote ni miwani. Kosa lenyewe la zamani: Lord of the Flies ya Golding, 1954, watoto wawasha moto kwa miwani ya Piggy, na Piggy haoni mbali. Kioo cha asiyeona mbali kimebonyea katikati, chatawanya mwanga. Kishike saa sita ya kaskazi, hupati hata moshi. Miwani ya mzee ya kusomea, iliyotuna, hiyo ndiyo hukusanya jua. Waandishi wamenakili tu tangu hapo.

Wakiacha miwani, wasugua vijiti viwili, aya moja, moto huo! Kupekecha kuna mpango wake. Ulimbombo, kijiti cha chini kinacholazwa, uwe mti mlaini uliokauka ungali umesimama, si ule wa kuokota ufuoni umeshiba chumvi. Toboa kitundu karibu na ukingo, kisha kata mfereji kutoka kitunduni hadi nje. Hapa ndipo wote huanguka: bila mfereji unga hauna pa kukusanyika, wasagika na kupoa. Ulindi, kijiti cha kupekechea, unyooke, unene wa kidole cha mwisho, urefu wa dhiraa. Viganja vianze juu vishuke, vikifika chini virudi upesi kabla joto halijapotea. Unga wa kahawia bado. Ukiwa mweusi na moshi watoka hata ukiacha kupekecha, hilo ni kaa. Limwage juu ya nyuzi za kumbi zilizochambuliwa, zikunje, puliza taratibu. Ukipuliza kwa pupa umelizima. Mwandishi akinionyesha malengelenge ya viganja, nitamsamehe hata mti unaosema.

Mjukuu wa Jini
Nyie mwasoma riwaya au mwasahihisha mtihani? Jini aweza kuwasha moto kwa kope.

Kibiriti Kikavu
Basi mbona hakuuwasha sura ya kwanza?

Mjukuu wa Jini
Alikuwa amenuna.

Nahodha wa Karatasi
Acheni moto. Hakuna aliyegusa miezi miwili! Mwezi mmoja tu hutupa bamvu, maji makubwa, ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu, yaani madogo, katikati, na kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50. Weka wa pili. Siku miezi itakapojipanga mmoja nyuma ya mwingine, mivuto yaongezana; ikikaa pembe mraba, yapunguzana. Hatari ya kitabu kizima imelala hapo na mwandishi ameiruka! Mwache kijana apige kambi juu ya mstari wa takataka za maji, ajione mjanja wiki nzima. Usiku miezi ipangane, jua nalo liwe mstari huohuo, maji yaje hadi kwenye chakula alichofukia. Badala yake bahari yao imetulia kama maji ya birikani, na chelezo chasukumwa saa yoyote. Hata hapa, boti za Pate hungoja maji yajae ndipo zipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara.

Binti Shela
Sheikh, hiyo iandike wewe.

Mtu wa Maweni
Miezi mitatu je?

Nahodha wa Karatasi
Mitatu, mtafutie mwandishi daktari.

Fundi wa Malindi
Chelezo pia. Wakata mikoko asubuhi, jioni waelea. Mkoko mbichi ni mzito, wazama! Wape migomba: vigogo sita, vijiti viwili vya kukingama, na kamba. Kamba nayo si ya usiku mmoja. Makumbi hufukiwa kwenye maji miezi kadhaa kabla ya kupondwa. Mwenye haraka asuke miyaa.

Mtu wa Maweni
Mie namshauri shujaa anywe madafu, alale.

Binti Shela
Dafu moja nusu lita ikizidi sana, na kwenye joto hili ataka lita tatu. Ayanywe mfululizo, tumbo limwendeshe, apoteze hata hayo. Achimbe nyuma ya kilima cha kwanza cha mchanga. Maji ya mvua hukaa juu ya yale ya chumvi, kwa hiyo akiona unyevu apunguze kasi, akiona maji asimame. Akizidisha kina, chumvi yapanda. Achote kwa kifuu, angoje pajae.

Fundi wa Malindi
Achimbe karibu na pwani, asijichoshe.

Binti Shela
Ndugu, umesoma nilichoandika?

Msomaji wa Langoni
Na samaki? Huchoma chochote wanachokiona.

Kibiriti Kikavu
Bunju hata umchome awe mkaa, sumu haitoki.

Mjukuu wa Jini
Jini hadhuriki na bunju.

Mtu wa Maweni
Jini hali samaki.

Mjukuu wa Jini
Kitabu cha tatu alikula.

Mtu wa Maweni
Cha tatu kiliandikwa na mtu mwingine, usituletee.