Vyumba 12 Nyegezi: gesti, wapangaji wa mwezi au hosteli ya wanachuo?

Ngosha_wa_Nyegezi
Wadau habari za jioni. Mzee wetu ana jengo huku Nyegezi, Mwanza, sio mbali na stendi, vyumba 12 vyote self, limebaki rangi na kuvuta umeme. Nyumbani tumegawanyika, mzee anataka gesti, mama anataka wapangaji wa mwezi na habari za gesti hataki hata kuzisikia, bro anasema tuweke wanafunzi wa chuo cha SAUT. Gesti tunafikiria 25,000 kwa usiku, mpangaji laki na ishirini kwa mwezi. Mzee kapiga 25,000 mara 12 mara siku 30 kapata milioni 9, wapangaji 1,440,000, yaani kwake mjadala umeisha. Mimi hiyo milioni 9 naiona ya kwenye karatasi tu. Wenye uzoefu naombeni mwongozo.

Mapokezi_Usiku
Mkuu mwambie mzee hakuna nyumba inayojaa siku zote 30. Sisi hotelini kila saa sita usiku tunafunga hesabu, vyumba vilivyouzwa gawanya kwa vyumba vilivyopo mara mia, hiyo ndo okupansi. Vyumba 12 kwa siku 30 una nafasi 360 za kuuza, na chumba kikilala tupu leo ndo imetoka hiyo, kesho hukiuzi mara mbili kufidia. Ukiuza nusu ni milioni 4.5 na hapo hujamlipa mhudumu, mlinzi, dobi, umeme, maji, sabuni, leseni. Halafu asilimia peke yake inadanganya sana, vyumba 10 kwa 20,000 ni laki mbili, vyumba 7 kwa 30,000 ni laki mbili na kumi, huyu wa 7 kapata zaidi na kafua mashuka machache. Kwa hiyo chukua pato la siku ugawanye kwa vyumba vyote 12, hata vilivyolala tupu. Na chumba kibovu usikitoe kwenye hesabu kimya kimya, wengi wanafanya hivyo ili asilimia ipendeze, bosi anaonyeshwa 90 kumbe vyumba vitatu vimefungwa mwezi mzima vinasubiri koki.

SatoMkavu
Hapo hujagusa shoti taimu 😂 gesti za stendi chumba kinauzwa mchana, kinafagiliwa, usiku kinauzwa tena, okupansi inapita mia kabisa. Ila ya mchana haiandikwi, inaishia mfukoni kwa mhudumu.

MamaKulwa
Dawa yake ni mashuka, mwanangu. Nina gesti Buzuruga na mimi kitabu cha wageni sikianzi, naanza na kamba ya kuanikia. Kila shuka langu lina namba ya chumba imeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, funguo ya stoo ninayo mimi, na dobi ana daftari lake ambalo dada wa mapokezi haligusi. Jumamosi nayaweka yote mezani. Kitabu kikisema namba 4 kalala mtu siku tatu na dobi kafua jozi sita za namba 4, dada wa zamu ananieleza pole pole. Ngosha, jiulizeni pia nani atalala hapo. Zamani aliyechelewa kivuko cha Kigongo alikuwa analala upande huu, tangu daraja la kwenda Busisi lifunguliwe Juni 2025 anavuka kilomita zake 3 anaenda kulala kwake Sengerema. Mimi wanaonibeba ni wafanyabiashara wa dagaa na wanaouguza ndugu zao hospitali ya Bugando.

Malimbe_Kitaa
Hosteli usihesabu vyumba, hesabu vitanda. Ukiweka vinne kila chumba ni vitanda 48, chumba chenye wanafunzi wawili kwa macho kina watu ila kwa hela ni nusu tupu. Na kitanda kilichobaki chumba cha wadada huwezi kumpa mkaka, kwa hiyo unaweza kuwa na vitanda vitano wazi na bado unamrudisha mteja. Likizo ndefu ikifika wanabeba magodoro wanaenda kwao, mkataba wa miezi kumi maana yake hata ujaze vipi mwaka mzima hauvuki asilimia 83.

Dada_Igoma
Mimi niko na mama yako. Chumba kimoja kati ya 12 kikikaa tupu mwezi mzima bado uko asilimia 92, hakuna mashuka wala mapokezi, na unachukua kodi ya miezi mitatu au sita mbele. Shida ni pale vyumba vyote vina watu ila wanaolipa ni wachache, ukiuliza unaambiwa mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba. Mimi naandika mistari miwili tofauti, wanaokaa na waliolipa.

FundiMawe
Mnaongea hela tu, mimi nauliza shimo la choo. Huko ni mwamba, mmechimba futi ngapi? Mpangaji anaingia peke yake, baada ya muda yuko na mke, shemeji na mdogo wake anayesoma, wanapika wanafua humo humo. Mgeni wa gesti anaoga anaondoka. Vitanda 48 ndo usiseme. Na kama jengo liko juu ya mawe gari la kunyonya halipandi. Idadi ya watu kwa chumba iandikwe kwenye mkataba.

Ngosha_wa_Nyegezi
Asanteni sana. Nimekaa na mzee tukakadiria gharama za gesti milioni 2.2 kwa mwezi, tukajumlisha 1,440,000 ya wapangaji ikawa 3,640,000, gawanya 25,000 inakuja mauzo 146 kati ya 360, kama asilimia 41. Yaani vyumba vitano kila usiku ndo tulingane na wazo la mama. Mzee kakaa kimya. Vipi tukigawa, sita gesti sita wapangaji?

MamaKulwa
Korido moja? Usithubutu. Mwenye watoto atahama mwezi wa kwanza, na mlinzi na dada wa mapokezi utawalipa vile vile kwa vyumba sita.

FundiMawe
Shimo futi ngapi ngosha, hujajibu.

Ngosha_wa_Nyegezi
Nane, fundi. Tuligonga jiwe.

FundiMawe
Basi hosteli ifute.