Tairi la nyuma: mshiko wa kona au kudumu?

Swali: Wadau, ni pikipiki, Kawasaki Ninja 650, tairi la nyuma saizi 160/60 ZR17. Kutoka Kisumu hadi Chemelil barabara imenyooka, halafu zile kona za kupanda Nandi Hills. Tairi laini linashika, ila linalika katikati hadi linakuwa bapa, huku kingo bado zina vinyweleo. Ninunue lipi?

Jibu: Ndugu, tafuta la mipira miwili: mgumu katikati, laini kingoni. La mashindano achana nalo. Barabarani halipati joto lake, na mvua ya alasiri huko juu haina huruma.

Jibu: Upepo kwanza! PSI 32 mbele, 36 nyuma, lipimwe likiwa baridi. Ukizidisha, linakanyagia katikati tu. Kabla ya kulipa soma tarakimu 4 za ubavuni: 3523 ni wiki ya 35, mwaka 2023. Likishafungwa, kilomita 150 za kwanza usiilaze pikipiki sana kwenye kona, mpira mpya unateleza.

Muulizaji: Na tope la trekta za miwa?

Jibu: Hapo ni kupunguza spidi, mzee. Hakuna tairi la hiyo.