Nimeng'oa kolesteroli kwenye utando wa seli, kipokezi kimegoma. Naombeni ushauri

Mshika Pipeti: Wakuu habari zenu. Niko kwenye utafiti wa shahada ya pili na nimekwama. Nina seli zenye kipokezi cha serotonini (protini ya kwenye utando inayodaka serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe), nikaziosha na siklodekstrini, ile methili-beta, milimola 10 nusu saa, ing'oe kolesteroli kwenye utando. Sasa serotonini yenye mionzi inashikwa chini ya nusu ya mwanzo. Nikaenda kwa msimamizi kifua mbele, nikamwambia kolesteroli inajishikiza kwenye kipokezi, akauliza neno moja tu, "umejuaje?", nikabaki naangalia viatu. Nifanyeje?

Mzee wa Lipidi: Pole mkuu ila swali ni la haki. Kolesteroli ina njia mbili. Inaweza kujibana kwenye mwili wa kipokezi chenyewe, umbo la kile cha adrenalini, beta-2, lililotoka 2008 linaonyesha kolesteroli mbili zimejilaza kwenye kijibonde kati ya nguzo zake. Au isikiguse kabisa, inabana tu mafuta ya jirani mpaka utando unanenepa na kukakamaa, na kipokezi chako kinapita humo mara saba na lazima kijipinde ndo kifanye kazi, kwahiyo ukigusa utando nacho umekigusa. Matokeo yako yanakubali zote mbili.

Kijana Mdadisi: Kumbe ina kazi? Mi najua inaziba mishipa tu 😅

Mzee wa Lipidi: Hiyo ni ya kwenye damu, kesi nyingine. Kwenye utando wa nje wa seli karibu lipidi (molekuli za mafuta) 1 kati ya 3 ni kolesteroli.

Dada wa Maabara: Mshika Pipeti, kwanza irudishe. Chukua siklodekstrini iliyobebeshwa kolesteroli tayari, wape seli, ukiona ushikaji umerudi angalau hujaziua, maana milimola 10 ni kali, anza hata na 2. Halafu rudia ila safari hii weka ndugu yake, epikolesteroli, tofauti ni kikundi kimoja cha haidroksili kimegeukia upande mwingine. Kuna kazi ya 1997 walibadilisha kolesteroli na ndugu zake hivyohivyo, kipokezi cha homoni ya oksitosini kikawa kinachagua sana ndugu yupi, dalili ya kushikana moja kwa moja, ila cha homoni ya kolesistokinini kikawa kinafuata tu ulaini wa utando. Na usioshee kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye seramu ya damu, ina kolesteroli yake, unatoa huku seli zinajilisha kule!!

Mzee wa Lipidi: Naongezea kidogo, epikolesteroli haibani utando sawasawa na kolesteroli kwahiyo bado mtu atakubishia. Ukipata ile pacha ya kioo, iliyopinduliwa kama mkono wa kushoto na wa kulia, hiyo inakaza utando vilevile ila kwenye kijishimo cha protini huenda isikae. Shida kuipata ni kazi.

Dada wa Maabara: Kweli. Na swali dogo, vipokezi vimelegea au vimepungua? Vikimezwa ndani ya seli navyo utasoma namba ya chini vilevile. Kurva yako ya dozi, yaani ushikaji kwa dozi tofauti za serotonini, inasemaje?

Mshika Pipeti: Dah. Seramu niliitoa ila nimefungua daftari hapa, nilitumia dozi moja tu ya serotonini, kurva sina. Na kolesteroli iliyobaki sikuipima. Jumatatu naanza na hizo mbili kabla sijamtafuta msimamizi.