Pikapu inamisi ikipanda mlima na mzigo: nianzie wapi kabla ya kununua koili nne?

Mwenye pikapu

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nina pikapu ya petroli yenye injini ya silinda nne, kila silinda ikiwa na koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) juu ya plagi, na imeshatembea kilomita zipatazo 190,000. Kwa wiki tatu sasa injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka kwa zamu yake, kila ninapopanda mlima nikiwa na mzigo. Nikikanyaga mafuta katika gia ya tatu, gari linashtukashtuka kama linalovutwa kwa nyuma, nguvu zinapungua, na taa ya injini inawakawaka kwa haraka hadi nitakapoachia mafuta, kisha inabaki imewaka moja kwa moja. Kwenye tambarare bila mzigo sioni tatizo lolote. Zaidi ya hapo, asubuhi injini ikiwa baridi inatetemeka kwenye silensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) kwa dakika mbili hivi, halafu inatulia.

Mashine ya kusomea hitilafu imeonyesha misimbo miwili, P0303 na P0300. Nimebadilisha plagi zote nne, na kwa siku mbili za mwanzo nilidhani tatizo limekwisha, lakini hali ikarudi vilevile. Fundi niliyempelekea anashauri ninunue koili nne na nozeli nne (vinyunyizio vya petroli) kwa pamoja. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba mnielekeze namna ya kulitafuta tatizo lenyewe.

Fundi wa injini za petroli

Ndugu, kwanza tuliokoe gari. Taa ya injini ikiwakawaka, kompyuta inakuambia kwamba petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya katalisti ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), ambayo hupata joto kali na kuyeyuka kwa ndani. Achia mafuta mara moja, na usibebe mzigo mpaka jambo hili litakapopatiwa ufumbuzi.

Sasa tuje kwenye msimbo. P0303 inataja silinda ya tatu, lakini haisemi kwamba koili ya tatu ni mbovu, kwa sababu kompyuta haioni cheche. Inachokipima, kwa njia ya sensa ya krankshafti, ni mwendo wa krankshafti yenyewe, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni: kila silinda inapowaka, krankshafti husukumwa kidogo, na zamu ya silinda ya tatu ikipita bila msukumo, hilo huandikwa. Sababu inaweza kuwa cheche, mafuta, hewa au mgandamizo, na ndiyo maana kununua vipuri kwa kusoma msimbo pekee ni kubahatisha.

Fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Injini ikiwa baridi, toa koili ya silinda ya tatu uiweke kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza uihamishie ya tatu. Zitie alama kwanza, na usiguse kitu kingine chochote, kwani ukihamisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekupa jibu. Futa misimbo, kisha panda mlima uleule kwa gia ileile, mara moja tu na kwa muda mfupi. Tatizo likihamia silinda ya kwanza, koili au mpira wake (ule unaoiunganisha na plagi) ndio wenye kosa. Likibaki ya tatu, tutaigeukia plagi, kisha nozeli, kisha mgandamizo.

Ninaanza na cheche kwa sababu umesema inamisi chini ya mzigo. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi huingia katika silinda, mgandamizo wake hupanda, na umeme huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka mwanya wa plagi. Ukikuta njia nyepesi ya pembeni, huifuata hiyo. Kwenye silensa volti ndogo hutosha, ndiyo maana udhaifu huo hauonekani gari likiwa limesimama.

Ukishaitoa koili, iangalie pia plagi kwenye mwanga mzuri, hasa kauri nyeupe ya upande wa juu. Mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli, unaoteremka kwenye kauri hadi kwenye chuma, ni alama ya umeme uliopita nje badala ya kuruka kwenye ncha.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono maelezo ya fundi, ila naona ndugu yetu anachukua dalili mbili kama ugonjwa mmoja. Kumisi mlimani kwa injini iliyokwisha kupata moto na kutetemeka asubuhi kwenye silensa ni mambo yanayotokea katika hali zinazopingana kabisa, na P0300, ambayo maana yake ni kumisi kusikobagua silinda, huenda ni ya asubuhi na si ya mlimani. Mashine nyingi huhifadhi pamoja na msimbo hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: joto la maji, mizunguko kwa dakika na mzigo. Angalia takwimu hizo kabla ya kufuta chochote.

Nakuomba pia uangalie kiwango cha maji ya rejeta jioni na tena asubuhi, injini ikiwa imepoa. Yakipungua bila kuvuja nje, huenda gasketi ya silinda hedi inapitisha maji kidogo kidogo usiku, na injini ikiwashwa silinda yenye maji humisi mpaka yaishe. Hapo hakuna koili itakayokusaidia. Vilevile pima mgandamizo wa silinda zote: toa plagi zote nne, kata mafuta na umeme wa koili, kanyaga akseleta mpaka mwisho, kisha piga stata. Silinda ya chini kuliko zote isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kuliko zote.

Mwenye pikapu

Nashukuruni sana. Nimefanya yote, na matokeo yamenichanganya. Baada ya kubadilishana koili na kupanda mlima, nilipata P0301 na P0303 kwa pamoja, yaani tatizo limehama na wakati huohuo limebaki. Katika tundu la plagi ya tatu nimekuta oili imejaa kiasi cha kuzamisha nati ya plagi, na mpira wa ile koili iliyokuwa hapo umevimba na kulainika. Plagi yenyewe, ambayo haina hata mwezi, ina mstari mweusi kama alivyoeleza fundi.

Maji ya rejeta hayapungui. Mgandamizo ni pauni 178, 175, 172 na 176 kwa inchi ya mraba. Ile P0300 ilihifadhiwa maji yakiwa nyuzi 24 za Selsiasi, injini ikiwa kwenye silensa.

Fundi wa injini za petroli

Ndugu, matokeo hayo yanaeleweka vizuri. Oili inavuja kutoka kwenye sili ya tundu la plagi iliyo chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), na oili hiyo ndiyo iliyouharibu mpira wa koili. Mpira ukapitisha umeme pembeni, umeme ukachora njia kwenye kauri ya plagi mpya, na ndiyo sababu ulipata nafuu ya siku mbili tu. Ulipohamisha koili, mpira mbovu ulikwenda silinda ya kwanza na plagi iliyochorwa ikabaki ya tatu, kwa hiyo zote mbili zikamisi.

Badilisha gasketi ya tapeti kava pamoja na sili za matundu, mpira wa koili hiyo, na plagi ya tatu. Ikague na plagi ya kwanza, kwani nayo imeshakaa chini ya mpira huo. Koili zenyewe ziache. Kabla ya kufungua plagi, nyonya oili yote kwa kitambaa, la sivyo itadondokea ndani ya silinda. Fuata mpangilio huo bila kuruka hatua, kwa maana plagi mpya ndani ya tundu lenye oili itakurudisha mwanzo.

Kwa upande wa asubuhi, mgandamizo wako ni mzuri na maji hayapungui, hivyo nashuku hewa inayoingia isipotakiwa. Unganisha mashine injini ikiwa baridi, na mara kompyuta itakapoanza kurekebisha mafuta, soma asilimia ya marekebisho hayo kwenye silensa, kisha kwenye mizunguko 2,500.

Mwenye pikapu

Mlimani sasa gari linapanda na mzigo bila kushtuka hata mara moja, na P0303 haijarudi kwa siku nne. Asubuhi bado linatetemeka. Marekebisho ni asilimia +18 kwenye silensa na +3 kwenye mizunguko 2,500, yaani kompyuta inaongeza mafuta.

Mchangiaji wa pili

Hiyo ni hewa inayoingia baada ya sensa ya hewa, kwa hiyo haipimwi. Kwenye silensa injini hutumia hewa kidogo, kwa hiyo hata ufa mdogo ni sehemu kubwa ya hewa yote na kompyuta inalazimika kuongeza mafuta mengi. Mizunguko ikipanda, ufa uleule hauna uzito. Kama pampu au chujio la mafuta ndilo lingekuwa dhaifu, asilimia ingepanda kadiri unavyokanyaga. Mahali pa kutafutia ni gasketi ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) na mipira yake midogo, ambayo husinyaa ikiwa baridi na kuziba chuma kinapopanuka kwa joto. Tumia mashine ya moshi, inayojaza moshi ndani ya mabomba hayo ili utokee penye ufa, injini ikiwa imezimwa na ni baridi. Tafadhali usinyunyizie petroli wala kimiminika chochote kinachoshika moto kwenye injini inayounguruma, maana ekzosi iko jirani.

Mwenye pikapu

Moshi umetokea kwenye gasketi ya manifoldi, upande wa silinda ya pili na ya tatu, mkondo mwembamba sana ambao nisingeuona bila tochi. Nimebadilisha gasketi hiyo jana. Leo asubuhi marekebisho yamesimama kwenye +2 na injini imetulia tangu sekunde za kwanza.