Naomba ushauri: Mama anakuja Australia, nimpeleke kambi ya siku tatu jangwani Uluru au nitakuwa nimemkosea heshima?

BintiWaMarangu:
Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi, naishi Adelaide, huu mwaka wa nne. Mama yangu anakuja mwezi wa saba kwa mara ya kwanza, viza ya matembezi ya miezi mitatu. Ana miaka 63. Presha anayo na dawa anatumia, ila nyumbani bado anapanda na kushuka kihambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kwa hiyo si mtu wa kushikwa mkono.

Nimeona safari ya kundi, siku tatu na usiku mbili, inaanzia mji wa Alice Springs: Uluru (ule mwamba mwekundu wa kwenye kalenda), Kata Tjuta (kundi la vilima vya mawe) na Kings Canyon (korongo). Basi dogo, kiongozi mmoja, watu kama ishirini hivi. Mnalala kwenye swegi, yaani begi kubwa la turubai lenye godoro jembamba ndani. Unajifunga humo kama nyama ya sambusa, uso umetoka nje, juu yako nyota. Hema hakuna.

Nilipomweleza mama kwenye simu alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Yaani nipande ndege siku nzima nije Ulaya kulala chini?" (Kwa mama kokote kwenye wazungu ni Ulaya.) Nilicheka, lakini tangu siku hiyo sina raha. Hoteli za kule zipo, bei yake ni ya kukata tamaa. Kuendesha mwenyewe naogopa. Sasa wenzangu mliokwenda: baridi ikoje mwezi wa nane? Matembezi atayaweza? Nyoka? Na kubwa kuliko yote, mzazi analazwa chini kweli?

Kaptula:
Ngoja niweke kambi hapa hapa.

MtuMzimaDawa:
Dada, mama amekulea, amekusomesha, leo amepanda ndege mara ya kwanza unamlaza mchangani kama mchunga ngamia? Mpeleke hotelini siku moja apige picha na huo mwamba, mrudi mle chakula cha maana. Ukifa wewe kwa kupenda nyota ni sawa, mama mwache.

MzeeWaKijenge:
Marahaba mwanangu. Mimi ni mwongoza watalii Arusha, huu mwaka wa 22 nazunguka mbuga za kaskazini. Huko jangwani sijafika, ila Waaustralia nimewabeba wengi, na kuna jambo nimejifunza kwao ambalo litakusaidia.

Huku kwetu mgeni akiambiwa "kambi", anafika anakuta hema limesimama, beseni la maji ya moto liko mlangoni na mpishi kavaa kofia. Mlimani ndiyo usiseme, mgeni mmoja na mkoba wake anaweza kuwa na wagumu, yaani wapagazi, watatu nyuma yake. Mwaka mmoja nililala Seronera, ndani ya Serengeti, na familia ya Waaustralia. Walipomaliza kula walisimama wote, wakakusanya sahani, wakaenda kuosha. Mpishi wangu alihuzunika, akaniita pembeni, "Bosi, chakula kimewaudhi?" Kumbe kwao kambi ndivyo ilivyo. Dereva ndiye kiongozi, ndiye mpishi, na wageni ndio wagumu.

Kwa hiyo kinachonitia wasiwasi si mgongo wa mama, huo umeshabeba mengi. Ni siku atakayopewa kisu akate vitunguu kwenye safari ambayo binti yake amelipia. Mwambie mapema kwamba ndivyo ilivyo kwa wote, asije akadhani mmeonewa kwa sababu ya rangi.

NyarNam:
Mzee hapo umesema ukweli mtupu. Mimi ni Mkenya, niko Melbourne, nilifanya hiyo safari Julai ya mwaka juzi na rafiki yangu. Hebu nikupe picha yote halafu ujipimie.

Tulichukuliwa Alice kukiwa bado giza. Kutoka hapo mpaka Yulara, kijiji cha watalii kilicho karibu na Uluru, ni kilomita kama 450. Unashuka kusini kilomita 200 mpaka Erldunda, unakata kulia, halafu ni barabara na vichaka na mchanga mwekundu hadi macho yachoke. Njiani kuna mlima bapa unaitwa Mount Conner. Basi zima tulishika simu tukapiga kelele "Uluru!" Kiongozi alituacha tupige picha kwanza ndipo akatuambia siyo. Nadhani huwafanyia wote.

Kabla ya kufika alisimamisha gari porini akasema kila mtu ashuke atafute kuni. Kuni zenyewe zinaitwa mulga, ngumu kama chuma, zinawaka usiku kucha. Sisi wawili tulirudi na mizigo, wengine wanatembea na vijiti viwili viwili. Mathe wako hapo atawafundisha kazi.

Ndani ya hifadhi yenyewe hakuna ruhusa ya kulala, kambi iko Yulara, na kuna vyoo vizuri na bafu la maji moto. Kambi ya upande wa Kings Canyon ndiyo choo chake kilikuwa cha shimo. Baridi nayo, dada! Julai usiku inashuka karibu na sifuri na wakati mwingine inapita. Asubuhi turubai langu lilikuwa na sakitu nyeupe. Nililala na soksi mbili, kofia ya sufu na koti, ndani ya begi la kulalia, ndani ya swegi, na pua ilikuwa barafu. Lakini saa nane usiku niliamka nikafungua macho, na nikuambie, mimi nimekulia kijijini bila stima na nyota za hivyo nilikuwa sijaziona. Sikulala tena.

Kitu kimoja muhimu: viatu viweke ndani ya swegi. Dingo, yale mambwa mwitu yao, hupita usiku kimya na hupenda ngozi. Mjerumani mmoja alimaliza safari na kiatu kimoja na sandali.

Kuamka ni saa kumi na moja kasoro ili muwahi jua likichomoza. Hapo ndipo mathe anaweza kunung'unika.

Kaptula:
Na huo mwamba mnaupanda au mnauangalia tu?

NyarNam:
Kupanda kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019. Ni mahali patakatifu pa Waanangu, wenye ardhi, na walikuwa wameomba watu wasipande kwa miaka mingi. Siku yenyewe waliichagua kwa maana, kwa sababu tarehe hiyo hiyo mwaka 1985 ndipo serikali iliwarudishia ardhi yao, nao wakaikodisha kwa hifadhi kwa miaka 99. Unazunguka chini kwa miguu, kama kilomita kumi, tambarare kabisa. Kuna sehemu zina vibao vinavyoomba usipige picha. Kiongozi wetu alisema watu hurudisha kwa posta mawe waliyookota, na barua za kuomba radhi juu.

MtuMzimaDawa:
Mambo ya mizimu hayo. Mimi bado nasema hoteli.

MutuWaBukavu:
Jambo kwa wote. Munisamehe Kiswahili yangu ya Bukavu. Mimi niko naishi hapa hapa Alice Springs, nafanya kazi ya kutunza wazee, na bamama wa umri wa mama yako nawaona kila siku. Dada, usiogope, lakini chagua muzuri.

Kwanza, mwezi. Wa nane ni muzuri sana. Muchana jua la kupendeza, usiku baridi, na mama wa Marangu baridi anaijua. Usimupeleke mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, joto linapita 40. Wakati ule, utabiri ukisema 36 au zaidi, ile njia ndefu ya Kata Tjuta, Bonde la Pepo, inafungwa saa tano asubuhi kwa sehemu yake ya ndani. Watu wamekufa kwa joto huku, si mchezo. Hata kwa baridi abebe maji, wenyewe wanashauri lita moja kwa kila saa ya kutembea wakati wa joto.

Pili, presha. Kings Canyon ile njia ya juu ni kilomita sita, saa tatu au nne, na inaanza na ngazi kama 500 za mawe bila huruma. Wenyewe wanaita kale kamulima kilima cha mshtuko wa moyo. Ukishapita pale njia inatulia. Kama mama hataki, kuna njia ya chini kando ya kijito, kilomita mbili na nusu kwenda na kurudi. Vilevile Kata Tjuta kuna korongo la Walpa, fupi na rahisi. Uliza kampuni mbele ya kulipa: mutu asiyepanda anabaki na nani? Kiongozi ni mumoja tu, hawezi kujigawa. Wewe utabaki naye chini, kubali hilo kabisa.

Tatu, dawa zake azibebe kwenye mukoba wa mukononi, si kwenye begi la nyuma ya basi. Yulara kuna kliniki, lakini hospitali kubwa ni huku kwetu Alice, na mutu akizidiwa huja kuchukuliwa na madaktari wa ndege. Mgeni wa viza ya matembezi hana Medicare, ile bima ya afya ya serikali, kwa hiyo bima ya safari nunua, bila hiyo usitoke nyumbani.

Inzi pia. Mwezi wa nane ni wachache, kuanzia wa tisa wanazidi. Hawaumi, wanataka maji ya macho na ya pua. Dawa yao ni wavu wa kuvaa kichwani, bei ya chai.

BintiWaMarangu:
Asanteni sana, mpaka machozi. Kaka wa Bukavu, na nyoka? Na je, nikikodi gari nikaendesha mwenyewe?

MutuWaBukavu:
Nyoka wapo, na wana sumu kali, ila wakati wa baridi wanajificha. Miaka sita niko hapa, nimeona wawili, wote barabarani wamekanyagwa.

Gari unaweza, lami ni nzuri mpaka Uluru. Shida ni usiku: ng'ombe, kangaroo, na ngamia. Ndiyo, ngamia! Waliletwa karne ya 19 kubeba mizigo jangwani pamoja na wachungaji wao waliotoka pande za Afghanistan na India. Magari yalipokuja wakaachiliwa, sasa wamezaana porini. Kampuni nyingi za magari hazikulipii ukigonga munyama usiku. Na simu haishiki kwa mamia ya kilomita, mutandao wa Telstra peke yake ndio unajaribu mijini na kwenye vituo. Mwanamuke na mama yake, tairi lipasuke saa moja jioni… mimi ningepanda basi.

NyarNam:
Ongeza hii: kuna kampuni zenye mahema ya kudumu, yana vitanda vya kweli na mlango. Ni kundi lile lile, njia ile ile, unaongeza pesa kidogo. Pia angalia umri. Kuna safari za vijana wa miaka 18 hadi 39 tu, huko msiende, mtalala na redio masikioni. Na soma vizuri kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei. Sisi hakikuwemo, tukalipa dola 38 kila mtu, tiketi ya siku tatu. Begi la kulalia pia walitukodishia kwa pesa ya pembeni.

MzeeWaKijenge:
Hema la kudumu ndilo jibu. Na uwaandikie mapema kuhusu chakula. Waambie mama hali nini, maana wanapenda kuchoma soseji, na nyama ya kangaroo ikija mezani bila taarifa atafunga siku mbili.

BintiWaMarangu:
Wakubwa, jana usiku nilimpigia mama nikamsomea uzi wote, mwanzo mpaka mwisho. Alicheka kwa MtuMzimaDawa, akasema huyo kijana ana malezi mazuri ila mwoga. Kuni amesema ataokota, hiyo siyo kazi. Vitunguu atakata. Ila kiatu chake mbwa asikiguse.

Anauliza mambo mawili. La kwanza, anaweza kubeba ndizi za nyumbani na majani yake ya chai? La pili, huyo kiongozi mwenyewe analala wapi?

MutuWaBukavu:
Ndizi hapana! Zitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Chai ya dukani, pakiti imefungwa, haina neno, lakini aandike kwenye ile fomu kwamba amebeba chakula. Akificha watamupiga faini.

NyarNam:
Wetu alilala kwenye swegi kama sisi, kando ya moto. Wa mwisho kulala, wa kwanza kuamka kuchemsha maji.

BintiWaMarangu:
Nimemfikishia. Amesema kama mwenye safari naye analala chini basi sawa, nilipe. Nimechukua ya mahema ya vitanda, wiki ya pili ya mwezi wa nane. Swegi anataka alione kwanza mchana.

Kaptula:
Kambi yangu siivunji mpaka picha zije.